Mtakatifu wa Namba Sabini na Tisa

Jumatano, 9 Julai 2025

Shule imefunguliwa jana. Baridi ya kukata masikio. Ukungu umeingia mpaka maabara, umetulia juu ya meza, hautaki kutoka. Mimi ni mhudumu wa maabara, mwaka wa kumi na sita sasa. Naosha chupa. Napanga chupa. Naota.

Habari kubwa! Jana jioni dada yangu Anjela kaniita kwake. Mtoto wake ana wiki tano, dume, kitinda mimba. Kasema safari hii jina la ubatizo nitachagua mimi, mjomba. Mimi! Niliketi bila kuangalia kama kuna kiti. Hakikuwepo.

Niandike ukweli, maana shajara hii hasomi mtu. Watoto wake watatu wa kwanza wote nimepitwa. Wa kwanza alipewa jina na ukoo wa mumewe Lutengano, kule Mbeya. Wa pili, na katekista wetu Liberatus. Wa tatu alipewa na nesi wa zahanati, ambaye hata jina lake mwenyewe hatulijui! Mimi nina miaka arobaini na mmoja. Sina mke, sina mtoto. Miche yangu mia mbili ya parachichi ilikauka yote (niliigundulia mbolea mpya). Nisipompa mtoto huyu jina, sitaacha hapa duniani kitu kinachoitika nikikiita. Naandika haya macho yamelowa. Ni ukungu.

Masharti: jina liwe la mtakatifu, na Liberatus aliandike kwenye daftari lake kabla ya Jumapili tarehe 20, Baba Paroko atakapokuja kigangoni kwetu kubatiza. Nikishindwa, mtoto ataitwa Anyitike, jina la marehemu baba yake Lutengano. Lutengano yuko kazini Mgololo, kwenye kiwanda cha karatasi, yeye hana neno. Lakini mama yake, Bibi Esnath, anakuja kutoka Soweto ya Mbeya kuhakikisha.

Anjela kanishika mkono, kasema kaka, tafadhali, usiniaibishe. Nimeshangaa. Lini nimewahi?

Alhamisi, 10 Julai

Nimewaza majina siku nzima. Petro, Paulo, Yohane. Yote yamechoka! Ukiita Petro pale Igowole sokoni wanageuka watu kumi. Mimi nataka jina ambalo Mufindi haijawahi kulisikia.

Saa nane jua likapenya. Likapita kwenye chupa ya kopa salfeti, bluu yote ikamwagika ukutani, juu ya chati ya elementi. Chati hiyo naifuta vumbi miaka kumi na sita. Leo ndiyo nimeisoma! Dhahabu imeandikwa Au. Chuma, Fe. Fedha, Ag. Risasi, Pb. Herufi hazifanani na chochote, si Kiswahili wala Kiingereza.

Nikamuuliza Madam Verediana, mwalimu wa kemia. Alikuwa anasahihisha madaftari, akanijibu bila kuinua kichwa. Eti hizo zimetoka kwenye Kilatini: aurum, ferrum, argentum, plumbum. Wasomi wa zamani waliandika Kilatini, na mizizi ya maneno yao imebaki kwenye sayansi mpaka kesho. Ndiyo maana kwenye lebo zangu kuna ferasi na kuna feriki, wote wametoka tumbo moja la ferrum. Akasema hata Argentina, nchi ya mpira, jina lake linatokana na argentum.

Nikasahau nilichokuwa nashika. Kilikuwa biika ya kioo. Nimeshazoa vipande.

Nchi nzima imeitwa kwa madini, mtoto mmoja ashindwe? Na Kilatini ni lugha ya nani? Ya Kanisa! Bibi yetu alisali Kilatini mpaka anakata roho, haelewi hata neno moja, na alikufa vizuri kabisa. Neno likishakuwa la Kilatini, utakatifu umo humo humo ndani.

Aurum. Nimelitamka taratibu, naangalia ile bluu inavyohama ukutani. Aurum, njoo ule. Aurum, mjomba anakuita. Kengele ya kutoka ililia, sikuisikia. Madam Verediana akafunga mlango kwa kufuli akaenda zake. Nilitokea dirishani.

Jumamosi, 12 Julai

Kwa Liberatus. Tulisoma naye tangu darasa la kwanza na hakuna siku aliyonyoosha kidole akakosea, au akakubali kwamba amekosea. Kitabu cha majina ya watakatifu anatembea nacho kwapani kama kipimajoto. Nikamsalimu, kamwene. Akaitikia kwa mbali.

Nikataja jina. Akafungua kitabu. Mungu ni mwema! Panya walikula herufi A yote mwaka juzi, kitabu kinaanzia kwa Barnaba. Liberatus akawa anapekua hewa.

Akauliza huyo Aurum ni wa wapi. Nikasema Roma. Aliuawa lini? Hapo nikababaika. Kisha chati ikanijia machoni, na namba ya dhahabu pembeni. Nikasema mwaka wa sabini na tisa. Aliuawa vipi? Kwa moto, nikasema. Walimtia motoni, hakuungua, akazidi kung'aa. Na huo si uongo, dhahabu ndivyo ilivyo.

Nikajua basi, nimekwisha. Liberatus akakohoa. Akasema aaa, kumbe Aurum yule! Eti habari zake alifundishwa kwenye chuo cha makatekista, ni vile tu zilimpitia. Akaliandika daftarini kwa wino.

Kwa wino!

Nimerudi kwa kukatiza mashamba ya chai. Ukungu umeshuka mpaka magotini, viatu vyangu sivioni. Nikamwona Mtakatifu Aurum katangulia mbele yangu. Joho linang'aa, anatembea juu ya chai, wala jani halivunjiki. Akageuka akanipungia mkono. Nami nikampungia. Mama mmoja aliyekuwa anachuma chai akadhani namsalimia yeye, akaniuliza habari za nyumbani. Nikamwambia tumepata mtakatifu.

Jumatatu, 14 Julai

Huku kwetu siri haikai. Jana baada ya ibada Liberatus katangaza habari za Aurum, akazungumza kama vile yeye ndiye aliyemtafuta. Nimeumia, lakini nimenyamaza.

Leo asubuhi Yusta, jirani yangu, kasimama mlangoni. Mtoto mgongoni, jogoo kwapani. Naye anataka mwanawe apate jina la Roma. Sasa ningefanyaje? Jogoo alikuwa mkubwa. Nimempa Plumbum. Ni jina zito, nikamwambia, la mtu asiyeyumbishwa. Kaondoka analirudiarudia njia nzima, kafurahi.

Mchana kaja Benjamini mpasua mbao, na dumu la ulanzi, pombe ya mianzi. Nimempa Ferrum. Jioni kaja baba mmoja mwenye mtoto wa kike, nimempa Argentum. Akaomba tumalizie tu na Argentina, kwa ajili ya mpira. Nikakataa. Mambo matakatifu hayataki utani.

Liberatus kaja mbio na kitabu. Herufi F ipo nzima, panya hawakuigusa, na Ferrum hayumo! Nikamwambia hicho kitabu ni kifupisho, kikubwa chenyewe kiko Roma. Akauliza Ferrum aliuawa mwaka gani. Nikasema ishirini na sita. Akahesabu kwa vidole. Akauliza imekuwaje mtu afe shahidi wa Kristo wakati Kristo mwenyewe hajasulubiwa bado.

Nikasema alitangulia.

Liberatus alikifunga kitabu, akakirudisha kwapani. Kisha akasema ndiyo, sasa anakumbuka, hata mwalimu wao chuoni aliwaambia kwamba Ferrum alikuwa mtu wa haraka.

Jumatano, 16 Julai

Jumuiya imekutana kwa Benjamini. Liberatus kahubiri. Jamani, mtu huyu ana kipaji! Kasema Ferrum ni msimamizi wa wahunzi na madereva wa malori. Plumbum alibebeshwa jiwe, akalibeba mwaka mzima bila kulitua. Aurum alikuwa na punda kipofu, aliyemfuata kwa harufu tu.

Sikujua habari za yule punda. Zimeniliza.

Happy, kiongozi wa kwaya, mwenye mimba ya mapacha, kasema Jumapili atawaingiza wote kwenye litania. Nimerudi nyumbani nimeketi kwenye ngazi. Jua linazama nyuma ya misonobari, kila kitu kimekuwa na rangi ya Aurum: bati la jirani, maji kwenye ndoo, kuku wa Yusta. Nimewaza mtoto atakavyokua. Atauliza nani alimpa jina. Watamwambia mjomba wako Didas. Atakuja mbio mpaka hapa kwenye ngazi, na mimi nitakuwa mzee, nitajifanya sijamwona.

Nimeketi mpaka miguu imekufa ganzi.

Jumamosi, 19 Julai

Nimetengeneza kadi. Manila ya shule, rangi ya chungwa, nne tu. Kila kadi ina jina la mtoto, na juu yake nimechora zile herufi mbili kubwa za kwenye chati, zimezungukwa na miale. Alama takatifu, nikawaambia. Yusta kaitundika shingoni kwa mwanawe.

Bibi Esnath kafika kutoka Mbeya na mchele wa Kyela na mkungu wa ndizi. Mama mfupi, macho makali, hana papara. Nikamwamkia kwa kikwao, ugonile. Akafurahi. Akasema yeye hana ugomvi na jina la Aurum. Mumewe marehemu hakuwa mtu wa kulilia majina. Ila akataka ajue tu ni jina la nani.

Nikamsimulia yote, na punda.

Wakati huo Yusta kaingia kuazima kinu. Bibi Esnath akaiona kadi shingoni mwa mtoto. Akaishika, akaisogeza machoni. Akasema herufi hizi anazijua. Marehemu Anyitike alikuwa fundi wa betri za magari pale Soweto miaka ishirini na miwili, na kwenye kila betri zimeandikwa hizo hizo, Pb. Ni ile risasi ya ndani. Akimaliza kuishika alikuwa hagusi hata mtoto kabla hajanawa mara mbili.

Yusta akanitazama. Anjela akanitazama. Nikacheka. Nikasema bila shaka wenye betri waliiga kutoka Roma. Kila kitu kizuri huigwa.

Yusta akacheka kidogo. Bibi Esnath hakucheka. Anjela kanisindikiza mpaka barabarani, kaniuliza kaka, kweli una hakika? Nikamwambia dada, hata Liberatus anamfahamu. Na hilo ni kweli tupu! Liberatus anamfahamu sasa kuliko mimi.

Jumapili, 20 Julai

Niandike haraka kabla moyo haujabadilika.

Kigango kimejaa pomoni. Lutengano kaja kutoka Mgololo na shati jipya. Baba Paroko ni mzee, alifundisha seminari kabla hajaletwa huku. Kimo kidogo, miwani mikubwa. Akaanza vizuri. Watoto wakalia vizuri. Mimi nimeketi mbele, nyuma ya Anjela, namwona mtoto begani kwake ananitazama. Kapiga miayo. Nilimpenda mpaka nikaona aibu.

Ikafika litania. Happy akaanza, watu wanaitikia. Mtakatifu Petro, utuombee. Mtakatifu Barnaba, utuombee. Mtakatifu Aurum, utuombee! Sauti ya tatu ya kwaya ikashuka chini, vioo vya madirisha vikatetemeka. Nikafumba macho. Nilimwona anashuka na punda wake. Mtakatifu Ferrum, utuombee. Mtakatifu Argentum, utuombee. Mtakatifu Plumbum...

Baba Paroko kainua mkono.

Kwaya ikakatika. Akauliza, kwa upole tu, kama kuna mtu anaweza kumsaidia. Maana amesikia tukimwomba chuma atuombee. Na fedha. Na, kama hajasikia vibaya, risasi.

Bibi Esnath akasimama kule nyuma akasema ndiyo Baba, ya betri.

Loo! Kanisa likavuma. Yusta akaivua kadi shingoni kwa mwanawe, akawa anamfuta mikono kwa kanga. Benjamini akaanza kuulizia dumu lake kwa sauti. Baba Paroko akamtazama Liberatus. Liberatus akasema majina yaliletwa na Didas, yeye aliyapokea kwa mashaka makubwa. Kwa mashaka! Mtu aliyeleta punda!

Sasa hapa. Baba Paroko hakunigombeza. Alivua miwani akaifuta, mabega yanatikisika kwa kicheko. Akasema kumbe yupo mtu huku milimani bado anapenda Kilatini. Akamwendea Anjela, akamgusa mtoto kichwani. Akasema aurum ni dhahabu, si mtu. Lakini yupo Mtakatifu Aureli, askofu wa kweli kabisa, na jina lake limetoka kwenye dhahabu hiyo hiyo. Akaniuliza mjomba anaonaje, tumwite Aureli?

Anjela kageuka. Machozi yanamlenga, lakini anatabasamu. Kaninong'oneza kubali, kaka. Sema ndiyo, basi.

Kitu kimoja tu. Ndiyo.

Lakini wote walikuwa wananitazama! Na Liberatus alikuwa anachekea kwenye daftari. Na mimi nilikuwa nimemwona kwenye chai, kanipungia mkono! Nikasimama. Nikasikia mdomo wangu unasema kwamba Baba Paroko ana miaka mingi tangu atoke seminari, na inawezekana amesahau. Kwamba Aurum yupo. Kwamba kitabu kikubwa kiko Roma. Kwamba huyo Aureli ni wa kuiga.

Lutengano akajifunika uso.

Baba Paroko akarudisha miwani. Akamuuliza mama mzazi anataka mwanawe aitwe nani. Anjela aliangalia sakafu. Akasema Anyitike. Baba akauliza na la mtakatifu? Anjela akasema Liberatus, basi. Akasema hivyo kwa sababu ndilo jina lililokuwa karibu.

Anyitike Liberatus. Maji yalimwagwa mara tatu. Mtoto hakulia.

Jumatatu, 21 Julai

Sikwenda kazini. Yusta kaja kumchukua jogoo wake. Benjamini kaja kuchukua dumu tupu, kaniambia ulanzi nitakwenda nao mbinguni.

Alasiri nimekwenda kwa Anjela kuomba radhi. Hakunifukuza, ingekuwa nafuu. Kanipa uji. Kasema kaka, Baba Paroko alikuwekea jina mkononi kabisa, na wewe ukalitupa. Basi. Kisha akanipa mtoto nimshike wakati anaanua nguo.

Nimemshika. Ukungu umeingia mpaka kwenye mlango. Tukabaki wawili. Nikamwita kwa sauti ya chini, mara moja tu. Aurum.

Kageuza kichwa! Naapa. Bibi Esnath, aliyekuwa jikoni, kasema watoto wa umri ule hugeukia sauti yoyote, hata ya mbuzi. Nimemrudishia mtoto nikaondoka kabla sijaanza kulia vizuri.

Jumanne, 22 Julai

Nimetafakari. Nimejichunguza bila huruma. Kosa nimeliona.

Kosa lilikuwa madini! Madini huchimbwa, huyeyushwa, hutiwa kwenye betri. Nani atayaheshimu? Kilatini chenyewe hakikuwa na kosa lolote.

Leo nilikuwa nafuta vumbi kwenye chumba cha baiolojia, jua likapenya, likagusa chati ya mifupa ya binadamu. Nimefuta chati hiyo miaka kumi na sita. Leo ndiyo nimeisoma! Mguuni, mifupa miwili, imekaa pamoja tangu kuzaliwa, haiachani mpaka kaburini. Tibia na Fibula. Madam Verediana kasema ndiyo, Kilatini. Kaniuliza kwa nini nauliza. Nikasema kwa nia njema.

Na mifupa si madini. Mifupa ya watakatifu huwekwa chini ya altare, hilo hata Baba Paroko hawezi kulibishia.

Happy atajifungua Septemba. Mapacha! Nimeshamwambia Mtakatifu Tibia na dada yake waliuawa siku moja, wameshikana mikono. Kalia. Kaniuliza kama walikuwa na punda. Nikasema wawili.

Nimepita pia kwa Liberatus kusalimia, akaingia ndani kunitafutia maji, kitabu kikabaki mezani. Maskini. Herufi F na herufi T hazimo tena. Panya wa mwaka huu wana njaa sana.

Nimeomba manila mbili ofisini. Rangi ya chungwa.